Bunduki Hainywi Chai

Mimi si mtu wa subira. Tangu utotoni Bukavu waliniambia nina kiherehere, na Brussels haikunibadilisha. Nilifika na kiherehere changu, nikakitafutia kazi, nikaipata kwenye kiwanda cha magari kule Forest, zamu ya asubuhi, mahali pa kufunga mikanda ya viti. Mambo haya ni ya miaka ya elfu mbili, kuelekea elfu mbili na kumi. Kwa hiyo nikikwambia kwamba nilikuja kupenda bunduki kuukuu na risasi zake zinazochelewa kulia, usinidhanie mtu mpole. Nilizipenda kwa sababu papa yangu, yaani baba, alizijua, na papa yangu wakati ule alikuwa anazama mbele ya macho yangu, nami sikuwa tayari kumwacha azame.

Papa alikuja kuishi nami baada ya kumzika maman kule nyumbani. Alifika na suti mbili, Biblia, na mgongo ulionyooka kama wa mtu aliyemeza ufagio. Kabla ya uhuru, akiwa kijana, alikuwa askari wa jeshi la wakoloni. Baadaye aliuza vitenge sokoni Kadutu maisha yake yote, lakini ile miaka michache ya uaskari ndiyo iliyomkaa mwilini. Brussels haikuhitaji askari wala muuza vitenge. Kila asubuhi alifunga tai, akakaa dirishani, akaangalia tramu. Nikirudi kazini namuuliza, "Papa, umeshindaje?" Ananijibu, "Tramu zimepita." Jibu hilo lilinichoma kila siku.

Kiwandani, jirani yangu wa kazi alikuwa mzee mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa akifunga milango ya magari. Nitamwita bwana wa milango. Siku moja wakati wa mapumziko alikuwa akila mkate huku anafunua gazeti la silaha za zamani. Nikaona picha moja, na mdomo wangu hauombi ruhusa, nikamwambia, "Hiyo hapo papa yangu aliibeba." Akauweka mkate chini. Mbelgiji akiuweka mkate chini saa sita mchana, ujue jambo ni zito.

Kumbe alikuwa na bunduki ya aina ile ile, ameachiwa na baba yake, na Jumamosi aliipiga kwenye klabu ya shabaha. Klabu yenyewe ilikuwa handaki refu la matofali chini ya ghala la zamani. Akaniambia nimlete papa. Sheria yao ilisema mtu asiye na kibali anaweza kujaribu bunduki mara moja tu kwa mwaka, akisimamiwa. Mara moja! Nikasema sawa, mara moja ni bora kuliko tramu.

Kanisani waliponisikia, lo, maneno! Mama mmoja wa kwaya akanivuta pembeni: sisi tuliokimbia bunduki, leo tunazifuata wenyewe, tena kwa nauli yetu? Nikamjibu pale pale. Mimi nilikimbia bunduki zilizokuwa mikononi mwa watu wasiojua kanuni hata moja. Handakini kulikuwa na kanuni nyingi kuliko kanisani kwetu, na zilifuatwa. Akanuna mwezi mzima, nami sikumbembeleza.

Sasa nikueleze risasi zenyewe, maana bila hizo hutaelewa kilichotokea. Hizi ni akiba za majeshi. Masanduku yalikaa ghalani tangu wakati wa vita vya dunia, risasi zimebanwa tano tano kwenye kipande cha bati, ndani ya karatasi iliyogeuka rangi kwa uzee. Ukiifungua karatasi unasikia harufu ya sanduku la bibi. Zina tabia mbili. Kwanza, zinachelewa. Unavuta kifyatulio, unasikia ka! halafu kimya. Hapo usifungue bunduki hata kama mkono unawasha, kwa sababu risasi inaweza kuwa bado inajifikiria. Unabaki umelenga, unangoja mpaka msimamizi aseme. Pili, fataki yake ile ndogo ya kitakoni inaacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo haiogopi mafuta. Dawa yake ni maji ya moto. Ukilala bila kuuosha mtutu, unaamka na kutu.

Jambo hilo la pili papa alilijua kama sala ya Baba Yetu. "Bunduki inaoga kwanza, njo muntu anakula," alisema. Ndivyo walivyofundishwa jeshini. Askari hakugusa sahani kabla ya kumwagia bunduki yake maji ya moto. Kwa vile handakini hakukuwa na jiko, nikanunua termosi mbili kule Matonge, mtaa wetu Wakongo, za maua mekundu, pacha kabisa. Moja niliijaza maji ya moto ya bunduki, nyingine chai ya maziwa na tangawizi ya watu. Unaona tatizo linavyojitengeneza lenyewe.

Mwaka wa kwanza papa alipiga vizuri mpaka nikasahau kupumua. Alikataa kiti. Alilala kifudifudi kwenye mkeka na suti yake, akaisukuma ile safu ya risasi tano kwa kidole gumba, akafunga komeo la chuma kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake mwenyewe. Risasi ya tatu ilichelewa. Ka! Kimya. Mimi nilishaanza kufungua mdomo. Papa hakutikisika hata ukope. Halafu ikalia, paa! na tundu likawa kwenye duara jeusi pamoja na mengine. Msimamizi wa handaki, mtu mfupi, mkali, mwenye sauti ya paroko, akavua vizuia-sauti masikioni akasema kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa. Bwana wa milango alimpa papa mkono. Tukaosha bunduki, tukanywa chai, na kwenye tramu papa aliongea njia nzima. Aliongea! Ng'ombe hazeeki maini.

Mwaka ule wote dirisha lilikaa bila mtu. Papa alitembea, alisoma magazeti, aliniuliza habari za risasi na mtutu wa bwana wa milango kana kwamba ni ndugu zetu walio hospitalini. Mimi nami nikajiandikisha kwenye klabu, nikasoma, nikafanya mtihani, nikapata kibali changu. Niligundua ninapiga vizuri. Tena vizuri sana, kwa nini nijishushe? Kiherehere changu kikilala juu ya mkeka kinatulia, na ni mahali pekee kinapotulia.

Mwaka wa pili, papa alilala kwenye mkeka na suti ile ile. Akapiga. Karatasi iliporudishwa kwa waya wake, kulikuwa na tundu moja pembeni kabisa na mpasuko kwenye ukingo. Risasi nyingine zote zilikwenda kwenye mchanga wa mwisho wa handaki.

"Risasi zimezeeka," akasema, anajipangusa goti. "Donc siyo makosa yangu."

Tukatikisa vichwa kwa heshima, kwa sababu risasi za aina ile huwa hivyo kweli. Unaweza kuzisingizia chochote, haziwezi kujitetea. Lakini bwana wa milango akalala, akapiga risasi za pakiti ile ile, na matundu yake yakakusanyika pamoja. Alikunja karatasi yake haraka akaitia mfukoni, na kwa hilo nilimpenda.

Nikageuka kukusanya maganda ya risasi sakafuni. Nyuma yangu papa alikuwa mezani, amechomoa komeo, ameelekeza mdomo wa bunduki kwenye beseni, anamimina termosi kwa funeli. Taratibu, kama padri. Nikasikia bwana wa milango amevuta pumzi. Nikageuka.

Kwenye beseni kulikuwa kunatiririka chai. Chai ya maziwa, yenye sukari na tangawizi, inapita ndani ya mtutu wenye umri mkubwa kuliko sisi sote. Mvuke unapanda. Na papa, ameinama juu ya beseni, uso wake u karibu kabisa, akasema kwa furaha, "Ona vile ilikuwa chafu!"

Hakuna aliyecheka. Ningeomba mtu acheke. Papa aliendelea kumimina mpaka tangawizi ikamfikia puani kupita harufu ya baruti. Mkono ukasimama. Akaweka termosi mezani, pole pole, akitafuta ukingo wa meza kwa kidole kidogo kabla ya kuiachia. Hapo ndipo nilipoelewa yote kwa pamoja, yale magazeti aliyoyashika bila kugeuza ukurasa, ngazi aliyoipanda ameshika ukuta, alivyokataa nisihamishe kopo la sukari, eti "najua nafasi yake." Papa alikuwa haoni. Alinificha mimi, na alikuwa anamficha msimamizi, ili asinyang'anywe ile mara moja kwa mwaka.

Bwana wa milango ndiye aliyekuwa wa kwanza kusogea. Bunduki ya baba yake, jamani. Alichukua ile termosi nyingine, akamimina maji ya moto mpaka yakatoka safi, akapitisha kitambaa, kisha mafuta. Akamwambia papa bila kuinua macho kwamba bunduki imepata kifungua kinywa, haitakufa kwa hilo. Lakini msimamizi alikuwa ameona. Akasimama mbele ya papa, akasema kwa adabu na kwa ukali kwamba mtu asiyeona kinachotoka kwenye mtutu hatashika mtutu handakini kwake. Mwaka ujao asiletwe.

Nilitaka kumrukia. Ubaya ni kwamba alikuwa na haki, na mtu mwenye haki anaudhi kuliko mwongo. Kwenye tramu papa alikaa mkono juu ya goti, ametazama dirishani, na sasa nilijua hata tramu hazioni. Kesho yake nilimwekea chai ya maziwa akaisukuma mbali. Akaomba ya rangi. Tangu siku ile hakugusa chai ya maziwa tena, na nyumbani kwangu hakuna aliyethubutu kutamka sababu.

Nilimpeleka hospitali kule Jette, anakataa hadi mlangoni. Daktari alisema mambo mawili. Jicho la kulia limekufa katikati, na hilo halirudi. La kushoto lina mtoto wa jicho tu, linapasuliwa, linaona. Lilipasuliwa, na siku ya kufungua bandeji papa akanitazama muda mrefu akasema, "Mutoto, umenenepa." Nikajua amepona.

"Basi utapiga kwa kushoto," nikamwambia.

Akaniangalia kama niliyetukana. "Kwa jeshi yetu hakukuwako mashoto. Ukilenga na kushoto, sergent anakufunga mukono. Bon. Tuache."

Akarudi dirishani. Safari hii alikuwa anaziona tramu, na ilikuwa vibaya zaidi, kwa sababu sasa hakuwa na kisingizio. Niligombana naye, nikagombana na sufuria, nikagombana na jirani wa chini asiye na kosa. Bure kabisa. Sikio la kufa halisikii dawa, nikajisemea, mwache mzee wa watu.

Halafu majira ya baridi, siku moja, mashine kiwandani ziliharibika wakaturudisha nyumbani mapema. Nafungua mlango, namkuta papa koridoni, amelala kifudifudi juu ya blanketi, na tai yake. Fagio langu liko kwenye bega lake la kushoto. Jicho la kulia amelifumba, na la kushoto limelenga kitasa cha mlango wa choo. Mkono wa kulia umetangulia chini ya mpini, wa kushoto unavuta komeo lisilokuwepo, kwa shida, kama mtu anayejifunza kuandika. Akanisikia. Hakuinuka.

"Niko nafagia," akasema.

"Endelea, papa," nikamwambia, nikapita juu ya miguu yake kwenda jikoni. Nilifungua bomba ili asinisikie, maana nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, na sikutaka kumwaibisha.

Jumamosi iliyofuata nilimwendea msimamizi. Sikwenda kubembeleza, sijui kubembeleza. Nilimwambia papa yangu amepasuliwa jicho, anajifunza upya kwa upande ambao jeshi lenu lilimkataza, na kama unataka kumkatalia, mkatalie yeye usoni, usinipe mimi mzigo wa kumbebea jibu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hamkatalii mtu bila kumwona. Aje mapema, kabla ya wengine, apewe bunduki tupu. Afanye kila kitu kwa kushoto mbele yake, na asome namba za shabaha kutoka mkekani. Akikosea kimoja, watafunga hadithi. Nikasema, "Hilo ni neno la mtu," nikampa mkono.

Mwaka ulipotimia, papa alifanya yote kwa kushoto, akazisoma namba zote, na bila kuulizwa akasoma hata tangazo dogo la kukataza sigara lililokuwa ukutani mbali. Msimamizi akasema inatosha. Nadhani alikuwa anazuia kicheko.

Basi akapewa risasi, akalala. Upande wangu wa kulia bwana wa milango, nyuma yetu msimamizi, mbele handaki refu na karatasi nyeupe. Papa akasukuma risasi zake tano. Komeo la bunduki ile limetengenezwa kwa watu wa mkono wa kulia, kwa hiyo kila risasi ilimtaka auvushe mkono juu, avute, arudishe, aanze upya kulenga. Hakuharakisha. Moja, ikalia. Nyingine, ikalia. Aliyapumzisha mabega, akapiga mbili zaidi. Ya tano akavuta kifyatulio.

Ka!

Kimya. Najua unachofikiria, hata mimi nilifikiria hivyo, kwamba italia kama ile ya mwaka wa kwanza. Tulingoja. Mikono ya papa, ambayo nyumbani hutetemesha kijiko kwenye kikombe, ilikuwa imetulia kama jiwe la kusagia. Alikuwa amelenga kwa jicho aliloambiwa miaka yote kwamba si la askari, na hakutikisika. Tukangoja mpaka msimamizi mwenyewe akachoka, akasema fungua. Papa akafungua. Risasi ikatoka nzima, alama ya sindano imo kitakoni, imekataa kabisa.

"Huyu amekufa zamani," papa akasema, akamkabidhi bwana wa milango.

Karatasi ikarudi kwenye waya. Matundu manne. Hayakuwa katikati, nisikudanganye, lakini yote yalikuwa ndani ya jeusi, upande mmoja, yamekaa karibu karibu. Msimamizi aliitazama, akamtazama papa, akasema kwamba mwaka ujao alete suti hiyo hiyo.

Ikabaki bunduki kuoga. Mwaka huo mimi si mjinga, nilikuwa nimenunua termosi mpya ya bluu kwa ajili ya chai. Ile ya maua mekundu ilikuwa ya maji, na hata mbuzi angezitofautisha. Papa alichomoa komeo, akaelekeza mtutu kwenye beseni, akashika termosi ya maua. Tulikuwa tunakumbuka sote, na yeye alijua tunakumbuka.

Hakumimina kwenye funeli. Alimimina kidogo kwenye kifuniko. Akakiinua, akatutazama mmoja mmoja kwa jicho lake la kushoto, bwana wa milango, mimi, na mwisho kabisa msimamizi. Akapuliza. Akaonja. Akayazungusha mdomoni, hana haraka.

"De l'eau, messieurs," akatangaza. "Ni maji."

Bwana wa milango alicheka mpaka akashika meza. Msimamizi aligeukia ukuta, mabega yanamtetemeka. Mimi nililia wazi wazi, sikufungua bomba lolote, na papa aliniacha nilie. Akaumwagia mtutu maji, taratibu, mpaka yakatoka safi. Akapitisha kitambaa, akakitazama kwenye mwanga, akapitisha kingine. Alipomaliza akafunga tai yake vizuri, akavuta kiti.

"Bon," akasema. "Sasa njo muntu anakula. Mutoto, lete ile ya bluu."

Nikammiminia chai ya maziwa. Akanywa yote, akanyoosha kikombe, akaomba nyingine.